Kutia Programu ya Muziki katika Kompyuta

Nyimbo nyingi za kwaya yetu zimo vichwani tu. Sisi wa Kidato cha Nne tukiondoka, zitaondoka nasi. Kwa hiyo yafaa tuziandike kwa MuseScore, programu isiyouzwa, ambayo Werner Schweer alianza kuitengeneza mwaka 2002.

Kwanza, itazame kompyuta yenyewe. MuseScore 4, iliyotoka mwaka 2022, hutaka Windows 10 au ya baadaye, ya biti 64. Kompyuta kuukuu ya biti 32 hufaa kwa toleo la 3.6.2.

Pili, pakua faili kutoka tovuti ya wenyewe. Pasipo intaneti, ilete kwa flashi iliyokaguliwa virusi.

Tatu, mwombe mwalimu ruhusa, maana huenda kompyuta ikadai nywila. Bofya faili mara mbili, ufuate maagizo mpaka mwisho.

Nne, fungua ukurasa wa kwaya ya sauti nne, andika noti chache, kisha bonyeza kitufe cha nafasi usikilize. Tuliozoea solfa twaweza kuandika herufi zake chini ya noti, mahali pa maneno.

Mwisho, toa nakala ya PDF ichapwe. Mwimbaji ataondoka, wimbo utabaki.