Dondoo muhimu: Wa akiba wasipoe benchini

Timu yenye ligi katikati ya wiki na mechi ya CAF wikiendi, kama Simba na Yanga, huokolewa na benchi lililo tayari.

1. Badili wawili watatu wa kikosi cha kuanza kwa kila mechi. Usivunje safu nzima ya ulinzi.
2. Kesho yake baada ya mechi, walioanza wapumzike, wa akiba wapige mbio za kasi na mechi ndogo ya nguvu. Wengi hukosea hapa: wote hupewa mazoezi mepesi, na wa akiba huishiwa pumzi taratibu.
3. Tumia nafasi zote 5 za mabadiliko, ila mchezo ukiendelea unaweza kuusimamisha kubadili mara 3 tu. Kuingia dakika ya 88 hakumjengi mtu.
4. Kipa wa pili apewe mechi za kombe.
5. Asiyepangwa aambiwe sababu ana kwa ana, kabla kikosi hakijatangazwa.