Umbali, Mwendo na Wakati

Chukua ramani ya Tanzania ambayo sentimeta 1 ni sawa na kilometa 50. Pima kwa rula kutoka mji wa Singida hadi Dar es Salaam. Utapata karibu sentimeta 11, yaani kilometa 550. Hiyo ndiyo njia ya ndege. Gari hupitia Manyoni, Dodoma na Morogoro, nalo husafiri karibu kilometa 700.

Kumbuka kanuni hii:
Wakati = umbali ÷ mwendo

Gari liendalo kilometa 70 kwa saa litatumia 700 ÷ 70 = saa 10. Ndege ndogo iendayo kilometa 275 kwa saa itatumia 550 ÷ 275 = saa 2. Kwa mgonjwa mahututi anayepelekwa Hospitali ya Muhimbili, tofauti ya saa 8 yaweza kuokoa maisha.

Lakini angani kuna upepo. Tuseme upepo unavuma kutoka Dar es Salaam kwa kilometa 55 kwa saa. Ndege inayoukabili itasonga mbele kilometa 275 − 55 = 220 tu kwa saa. Safari itachukua 550 ÷ 220 = saa 2½. Rubani aliyetia mafuta ya saa 2 tu hatafika. Kwa sababu hiyo, rubani hupata kwanza habari za upepo, ndipo aruke.

Maswali
1. Ndege ikirudi Singida, upepo huohuo ukiisukuma kutoka nyuma, itatumia muda gani?
2. Kwa nini njia ya gari ni ndefu kuliko ya ndege?