Seli Mundu: Macho na Ubongo wa Mtoto

Mtoto akiamka asubuhi mkono umelegea na mdomo umekwenda upande, wapo kati yetu wanaosema amerogwa. Huenda ni kiharusi, na huku kwetu Mara chanzo chaweza kuwa seli mundu, ugonjwa wa damu unaorithiwa.

Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Mwaka 1956 mtafiti A. C. Allison alichapisha matokeo ya kupima damu za watu wa Wilaya ya Musoma, ambayo wakati huo ilikuwa pamoja na Butiama. Kati ya watoto wachanga 287, waliokuwa nao ni 9. Kati ya watu wazima 654, walikuwa 5 tu. Wengi walikufa wangali wadogo.

Katika seli mundu, chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu na kuwa ngumu. Huziba mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Hapo jicho huotesha mishipa mipya, dhaifu, inayoweza kuvuja damu na kuleta upofu bila maumivu yoyote. Mishipa mikubwa ya ubongo nayo huharibika na kuwa myembamba. Damu isipopita, mtoto hupata kiharusi. Jicho halisababishi kiharusi, ila yote mawili yana chanzo kimoja. Kwa hiyo mtoto anayeona vizuri tusidhani yuko salama.

Mtoto hurithi ugonjwa huu kwa baba na mama, wote wawili. Wazazi wakiwa wabebaji, wao huwa wazima, lakini kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Basi mama asilaumiwe peke yake.

Tufanye nini?

1. Tupime damu za watoto wetu mapema. Wachumba nao wapime kabla ya ndoa.

2. Mtoto mwenye seli mundu asikose kliniki. Tumwulize daktari juu ya dawa ya haidroksiyurea na kipimo cha mishipa ya ubongo.

3. Kuanzia miaka 10, macho yake yachunguzwe na mtaalamu, hata kama hana tatizo.

4. Akilegea upande mmoja, akishindwa kusema au akipata degedege, awe Musoma, Bunda au Butiama, apelekwe hospitali saa ileile. Kungoja mpaka kesho kwaweza kumfanya kilema au kumwua.