Dondoo muhimu: Katuni za kuzawadia sikukuu hii

Umri kwanza. Mdogo ambaye hajaanza shule atatulia na Akili and Me, kazi ya Ubongo ya Dar es Salaam. Akili ana miaka 4, anaishi chini ya Mlima Kilimanjaro, na Kiswahili anakizungumza.

Mpenda wanyama mpe Tinga Tinga Tales, iliyotengenezwa Nairobi kwa mtindo wa michoro ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga. Kila kisa kina swali lake: tembo alipataje mkonga? Hata bibi ataacha kuchambua mchele atazame.

Katuni si za watoto tu. Hapa ndipo wanunuzi wengi huteleza. Grave of the Fireflies (1988) ya Isao Takahata ina watoto wawili kwenye jalada, lakini ndani ni vita, njaa na kifo huko Japani. Ni filamu bora kabisa. Mpe mtu mzima, tena asiitazame usiku wa sikukuu. Mtoto wa miaka kumi hivi anayependa mizimu na maajabu atafurahia zaidi Spirited Away (2001) ya Hayao Miyazaki. Kijana wa roboti na kompyuta? Iwájú, Lagos ya kesho, sehemu sita tu.

Diski kutoka ughaibuni. Shangazi aliye Marekani aangalie alama ya kanda nyuma ya kasha. DVD za huko ni kanda 1, za kwetu ni kanda 5, na deki nyingi huzikataa za kanda nyingine.

Ukimlipia mtu huduma ya mtandaoni, ongeza na bando.