Unafunga inveta kwenye gari? Fyuzi ikae kwenye betri



Kwa wengi wetu tunaouza mtandaoni, gari ndiyo stoo na ofisi. Unataka kuwasha printa ya risiti, taa za kupigia picha na kuchaji laptopu, basi unanunua inveta ya wati 600. Tundu la kuwashia sigara haliwezi mzigo huo, kwa kawaida fyuzi yake ni ampea 10 hadi 20 tu. Lazima uvute waya mnene kutoka kwenye betri mpaka ndani. Ukifungwa vibaya, gari linaweza kuungua na mzigo wa wateja humo humo.

Piga hesabu kwanza. Gawanya wati kwa volti: 600 ÷ 12 = ampea 50. Inveta nayo inapoteza kidogo, kwa hiyo weka 60.

Sasa mwambie fundi hivi:

1. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Bodi ya gari ni hasi. Waya wa chanya ukichunika ukagusa bodi, betri inamwaga mamia ya ampea, waya unawaka kama pasi. Fyuzi iliyo ndani ya inveta haitasaidia, maana huo umeme haujafika kwake. Fyuzi ya kwenye betri inalinda waya wote.

2. Waya uwe wa shaba tupu, milimita za mraba 16, kama umbali hauzidi mita 3. Fyuzi ampea 80. Angalia vizuri, ule wa bei chee mara nyingi ni alumini iliyopakwa shaba. Unapata moto haraka. Kwangua ncha kwa kisu: ikitoka nyeupe ndani, rudisha.

3. Tundu la kupitisha waya kwenye bati la injini liwekwe kimpira. Bati ni kali, na gari likitikisika kila siku linakata ganda la waya polepole.

4. Waya ukae mbali na ekzosi na pedeli, ufungwe usicheze.

5. Kabla ya kazi, hasi ya betri itolewe kwanza. Fyuzi iwekwe mwisho kabisa.

Na ukiwa unatumia mzigo mkubwa, washa injini, ila sehemu ya wazi, moshi wake unaua. Betri ya 50Ah ikitoa ampea 50 haimalizi hata saa moja, na jioni gari haliwaki. Delivari zimelala.

Fundi akikwambia "fyuzi ya ndani inatosha", usimlipe bado. Fyuzi na kishikio chake ni gharama ndogo ukilinganisha na stoki iliyo kwenye buti.

Hifadhi posti hii, mtumie na mwenzako anayeuzia kwenye gari.