Kufungia Karatasi au Kushonea Juu Yake? Somo la Blanketi la Viraka

Nyumbani Gorong'a, nenda kwa fundi cherehani yeyote utakuta kiroba cha vipande vya vitenge chini ya meza. Vingine vitajaza mito, vingine vitawashia moto. Kwetu tunaosoma ualimu, kiroba kile ni zana ya kufundishia isiyogusa bumu hata senti moja. Na kwa baridi ya Tarime, mura, blanketi la viraka siyo pambo.

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa mwaka 2024, kila kona ni amali, amali. Sasa tuseme umepangiwa shule ya kata kwa mazoezi ya kufundisha: wanafunzi 45, cherehani moja ya kukanyaga, wiki chache. Unawafundisha kuunga viraka kwa njia gani?

Njia zinazotumia karatasi ni mbili, na watu huzichanganya kwa sababu hiyo hiyo ya karatasi. Nitaziita kufungia karatasi na kushonea juu ya karatasi. Majina ni yangu, njia ni za zamani: Uingereza kuna tandiko la viraka vya hariri lenye tarehe ya 1718, na karatasi alizofungia mshonaji bado zimo ndani yake.

Kufungia ni hivi. Unakata karatasi ngumu (manila iliyobaki kwenye chati inafaa sana) kwa kipimo kamili cha umbo unalotaka, mara nyingi pembe sita. Kitambaa unakikata kikubwa zaidi, milimita 6 au 7 kila upande. Unakunjia ukingo kwenye karatasi, unapiga bandi. Ukipata viwili unavikutanisha uso kwa uso na kushona ukingo kwa ukingo kwa mkono, sindano ikidaka nyuzi chache tu za kitambaa bila kutoboa manila. Kipande kikishazungukwa na wenzake pande zote, unafumua bandi, unachomoa karatasi, unaitumia tena.

Kushonea juu ni mambo mengine kabisa. Karatasi ni nyepesi, imechorwa mistari na kila eneo lina namba. Kitambaa cha kwanza kinakaa nyuma ya karatasi, upande usio na mistari, uso wake ukitazama nje. Cha pili kinalazwa juu yake uso kwa uso. Unageuza, unapitisha cherehani juu ya mstari, unapunguza ukingo ubaki milimita 6, unakunjua, unapiga pasi, unakwenda namba 3. Mishono iwe midogo, kama milimita 1.5, ili karatasi ichanike kirahisi mwishoni. Gazeti usitumie, maana wino wake ukipata joto la pasi unahamia kwenye kitambaa. Sindano nayo inakuwa butu haraka, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kurudi kwenye suruali za watu.

Kumbuka pia kuwa mchoro utatoka kinyume, kama kwenye kioo. Nyota haina shida, ila herufi R itakuumbua. Upande wa uso wa kitambaa, kitenge kinatusaidia: kitenge cha nta rangi zake zimepenya pande zote mbili, hivyo mwanafunzi akigeuza kipande vibaya hakuna atakayejua.

Wengi wataamua kwa kuangalia cherehani tu: ipo, shonea juu; haipo, fungia. Mimi naona swali la kwanza ni muda. Piga hesabu. Blanketi la mtoto la sentimita 90 kwa 90 lina eneo la sentimita za mraba 8,100. Pembe sita yenye upande wa sentimita 3 ina eneo la kama 23.4, kwa hiyo unahitaji vipande takriban 346. Kila kimoja kikila robo saa, kukifunga na kukiunga, ni zaidi ya saa 86. Ongeza upande uwe sentimita 5, vinabaki kama 125, saa 31 hivi. (Hapo umeshafundisha na hisabati bila kutangaza.)

Swali la pili ni kosa linakaa wapi. Kwenye kufungia, usahihi uko kwenye manila. Kipande kikiharibika, unafunga kingine, wenzake hawaguswi. Kwenye kushonea juu, usahihi uko kwenye mstari na mpangilio wa namba. Ukiruka namba 4, kila kilichofuata kinafumuliwa, na karatasi imeshatobolewa matundu. Kwa darasa la wanaoanza hiyo tofauti ni kubwa kuliko suala la cherehani. Anayeshona ili auze, ambaye mkono umeshazoea, ashonee juu. Atapoteza kitambaa zaidi, maana vipande hukatwa vikubwa kuliko eneo lake, lakini kwenye kiroba cha bure hilo siyo jambo la kumkosesha usingizi.

Kuna uchochoro ambao nadhani unalifaa darasa letu kuliko zote mbili. Badala ya karatasi, chora mistari kwenye amerikani au shuka kuukuu. Hapo hakuna cha kuchana, kitambaa cha chini kinabaki ndani na kuongeza joto, na mstari unafuatwa kwa mkono kwa sindano ya kawaida, hivyo wanafunzi 45 hawapangi foleni kwenye cherehani moja. Anza na namba chache, vipande vinne au vitano virefu vilivyonyooka. Kila mmoja akate mraba wa sentimita 21.2, ili ukishaungwa ubaki 20. Cherehani ingoje kuunganisha miraba na kutia bitana. Miraba 45, ukiipanga 5 kwa 9, ni mita 1 kwa mita 1.8, saizi ya kitanda cha bwenini.