Usiisubiri Damu Ikuite

Mdogo wangu mmoja kaniandikia kutoka kijijini: "Dada, nina miaka 38 na watoto watano, siumwi popote. Nesi anatuambia twende tukapimwe shingo ya kizazi. Mtu mzima anapimwa nini?"

Anapimwa kwa sababu bado ni mzima, mpenzi. Saratani hii haianzi kwa maumivu. Inaletwa na kirusi cha HPV tunachoambukizana kwa kujamiiana, na wengi wetu tumewahi kukipata bila kujua. Mara nyingi mwili hukitoa wenyewe. Kikikaa mwilini bila kutoka, kwa kawaida huchukua miaka 15 hadi 20 kufikia saratani. Kwa mwenye VVU asiyetumia dawa, miaka 5 hadi 10 tu. Muda wote huo unalima, unakwenda gulioni, unazaa, husikii kitu. Ukiona damu baada ya tendo la ndoa au baada ya hedhi kukoma, au uchafu wenye harufu mbaya, nenda hospitali haraka. Ila usiisubiri hiyo damu.

Shangazi yangu aliisubiri. Wakamwambia ni chango, akanywa mizizi miezi na miezi. Tulipomfikisha Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar es Salaam, ugonjwa ulikwishasambaa. Baadaye aliniambia kilichomkalisha nyumbani ni haya: kupanua mapaja mbele ya mtu asiyemjua. Mpaka leo sentensi ile inaniuma.

Kwa hiyo nikueleze kinachofanyika kwenye chumba cha kupimia, usikiogope. Unalala chali na khanga yako umejifunika. Nesi anaingiza kifaa cha kupanua njia, anapaka siki nyepesi kwenye shingo ya kizazi, anangoja kama dakika moja. Palipoanza kubadilika hugeuka peupe. Siki huweza kuwasha kidogo, basi. Ukitaka mhudumu wa kike, omba, wala usione haya kuomba. Na hakuna anayekung'oa kizazi, hayo ni maneno ya kisimani.

Weupe ule mara nyingi si saratani. Ni dalili kwamba umewahi. Panaunguzwa au panagandishwa, mara nyingi siku hiyohiyo, nawe unarudi kwako kwa miguu yako. Mhudumu wa afya wa kijiji atakwambia ni kituo gani na siku gani. Kama unatumia dawa za VVU (ARV), ulizia kwenye kliniki yako ya VVU (CTC), maana wewe unatakiwa kupimwa mapema na mara nyingi zaidi.

Binti yako wa miaka 12 naye asikose chanjo. Hapa Tanzania ni bure kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, tangu 2024 ni dozi moja tu, na haizuii kuzaa.

Kuhusu baba watoto: ukitibiwa, majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, na itabidi mkae kama mwezi bila kukutana, kidonda kipone. Mweleze jioni kabla ya safari ya kwenda kupimwa, akishakula na watoto wamelala. Usimwachie kuyasikia ukirudi.